Nyumba Zilizokuwa Nauli Yangu

Mwezi uliopita tulimzika wifi yangu Romana. Matanga yalipoanuliwa na watu kutawanyika, mimi nilibaki Songea kwa kisingizio cha kusaidia kurudisha vyombo vya kuazima, ingawa kwa kweli sikutaka kuondoka kwenye ile nyumba ya mtaa wa Lizaboni. Walinipa chumba cha uani, kile kile nilichokaa nikiwa msichana. Sakafu imewekwa marumaru sasa na juu kuna dari nyeupe, lakini dirisha bado linatazama jikoni, na mtu akiongea kule nje unamsikia kama amekaa kitandani pako. Nilikaa nikiwasikiliza wanawake wakisugua masufuria kwa majivu na kulalamikia bei ya mahindi, na mara mbili niligeuka nikidhani mmoja wao ni Romana. Tulikuwa watu watatu ndani ya nyumba hii mwaka ule. Kaka yangu Kassian alitangulia zamani, sasa na mkewe amemfuata. Nimebaki mimi, na ninayoyakumbuka mimi ndiyo yaliyobaki.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na nilikuwa nasubiri chuo kikuu. Jeshi la lazima kwa wanaomaliza shule lilikuwa limesimamishwa, kwa hiyo tulirudi majumbani kwetu tukakaa na mwaka mzima mikononi, hatujui tuufanyie nini. Kassian alijua. Jumapili moja tuliporudi misa ya kwanza, Romana aliandaa ugali na dagaa wa Nyasa, pembeni bakuli la majani ya maboga yaliyoungwa karanga. Kaka alikula, akanawa, akasogeza bakuli kando kama mtu anayesafisha uwanja kabla ya kuanza kazi. Alikuwa fundi uashi, mrefu, mwenye vidole vilivyopasuka kwa saruji, na hata akizungumza alikuwa na tabia ya kuyapanga maneno polepole, moja juu ya jingine.

"Truda, mlongo wangu," alisema. Mlongo kwa Kingoni ni ndugu, na yeye alilitumia neno hilo pale tu alipokuwa na jambo zito. "Chuo cha siku hizi si kile cha zamani. Zamani serikali ilikuwa inakupa mpaka nauli ya likizo. Sasa wanasema tuchangie. Sawa, tutachangia. Lakini lazima tuanze leo, tusingoje barua."

Romana alicheka. "Hata majibu ya mtihani hayajatoka, wewe unampeleka Dar?"

"Majibu ni kazi yake. Hii ni kazi yangu."

Kumbe alikuwa amemwendea kijana wa jirani aliyekuja likizo kutoka chuo, akamkalisha chini na kumhoji kama polisi. Alirudi na kila kitu kichwani. Alinihesabia kwa vidole: nauli ya basi mpaka Makambako na kuendelea Dar, fedha ya kujisajili, godoro, shuka, vitabu, sanduku lenye kufuli. Akafika kwenye kidole cha saba, akakishikilia. "Halafu kuna pesa ya kula kabla posho haijatoka. Yule kijana ananiambia posho inachelewa, watu wanashindia chai kavu na wanaona aibu kusema. Wewe hutashindia chai." Nilimtazama Romana, naye akanitazama, tukainamisha vichwa, maana tuliona kwamba hiyo ndiyo iliyomgusa kuliko zote.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Watu wale wale ambao muda si mrefu walikuwa wanapanga foleni ya sukari na sabuni, sasa walikuwa wanafungua maduka. Ukitembea mtaa wa Msamala ulikuta kila hatua lundo la mchanga na matofali ya kuchoma, mtu anajenga kibanda cha kuuzia mitumba, mwingine ghala la mahindi. Chama cha ushirika kilikuwa kinayumba na wakulima walilia, lakini fundi uashi hakukosa kazi. Kassian alizigawa kazi zake kwa namna ambayo sijaiona kwa mtu mwingine tangu hapo. Kila jengo alilipa jina la kitu changu. Ghala la mfanyabiashara fulani karibu na stendi lilikuwa nauli. Duka la vitambaa la Msamala lilikuwa godoro. Alirudi jioni, akavua viatu mlangoni, Romana akimuuliza umeshindaje, anajibu, "Leo tumefika kwenye lenta ya godoro," yaani mkanda wa zege juu ya milango ya duka lile. Siku nyingine anasema shuka zimesimama, saruji imeadimika. Siku moja alinichukua mpaka kwenye lile duka la vitambaa, lipu ikiwa bado mbichi, akanishika mkono na kuubandika ukutani. "Sikia ubaridi wake," alisema. "Hili ndilo utakalolalia." Wenye kupita walitushangaa. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye mchanga, naye akasimama juu yangu anatabasamu, mwiko mkononi, vumbi la saruji kwenye nyusi. Nikimwona sasa katika kumbukumbu, huwa namwona hapo.

Na sisi hatukukaa bure. Asubuhi niliwafundisha tuisheni watoto wa darasa la saba kwenye kibaraza cha nyumba ya jirani. Alasiri nilimsaidia Romana kupika togwa, kile kinywaji cha mahindi, ya kuuza sokoni. Baba mdogo Gaudens, aliyelima tumbaku Lusewa, naye aliahidi sehemu yake pindi tumbaku ikinunuliwa. Fedha zilipopatikana za kutosha, Kassian alinipeleka benki kufungua akaunti. Karani alipouliza iandikwe kwa jina la nani, nilidhani atasema lake.

"La huyu," alisema.

Tulipotoka nje nilimuuliza kwa nini. "Mimi ni binadamu," alinijibu. "Nikiwa na njaa nitazitamani. Zikiwa kwa jina lako, hata nikizitamani sizifikii."

Kuna kitu kimoja kuhusu mwaka ule ambacho sijawahi kuweza kuwaeleza wanangu. Wao hupanga fedha zao kwenye simu na huona ni jambo kavu. Kwetu sisi kupanga kule ndiko kulikuwa furaha yenyewe. Tulikuwa tunakula nyama sikukuu tu, Romana alitembea na kandambili zilizoshonwa, na bado nyumba ile ilijaa vicheko, kwa sababu kila mmoja alijua tunakokwenda. Majibu yalipotoka na baadaye barua ya chuo ikafika, Kassian hakushangilia kama nilivyotarajia. Aliitazama barua, akanirudishia, akasema, "Nilishajenga." Kisha akaenda nyuma ya nyumba. Romana alimchungulia, akarudi akaninong'oneza kwamba analia.

Alikuwa ameanza kuugua kabla ya hapo, ila hatukujua. Tumbo lilimuuma, alisema ni vidonda, akawa anakunywa maziwa na kuacha maharage. Mkanda wa suruali ulitobolewa tundu jipya, halafu jingine. Wakati wa Kwaresima alikuwa hali chakula cha mchana, na sisi tukadhani anafunga. Ijumaa Kuu alitapika damu uani, mbele yetu sote wawili, akashika ukuta wa jiko na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Romana, lete maji." Tulimpeleka hospitali mjini, na mjini wakatuandikia twende hospitali ya misheni. Huko daktari alimpima kwa muda mrefu, akamtoa nje, akatuita mimi na Romana. Alisema kuna uvimbe tumboni, na bila kumpasua hawezi kujua ni wa aina gani. Akataja gharama ya upasuaji na dawa na kulazwa. Mwaka ule ule tulioambiwa tuchangie chuo, ukiugua popote ulitakiwa kuchangia pia. Romana aliniangalia nilipoisikia ile hesabu. Ilikuwa karibu sana na ile ya benki, kana kwamba kuna mtu alikuwa amezilinganisha.

Baba mdogo Gaudens alikuja kutoka Lusewa na kuku mmoja na aibu nyingi. Tumbaku yake ilikuwa imechukuliwa na malipo hayakuja. "Nimekwenda kuulizia mpaka walinzi wananifahamu," alisema, na hakuweza kumtazama mgonjwa. Romana aliuza kitanda chao kizuri na redio, lakini hapo bado tulikuwa mbali. Kassian alilala kwenye mkeka sebuleni, amejifunika blanketi kwa ule ubaridi wa Songea wa mwezi wa sita, na kila nilipotaja benki alifumba macho.

Alasiri moja nilikuwa hapa hapa chumbani nakunja nguo, wao wako jikoni wanaota moto. Nadhani walifikiri nimetoka.

"Pesa ipo," Romana alisema. "Mume wangu, pesa ipo, na wewe unakufa."

"Ile si pesa yangu."

"Umeitafuta wewe!"

"Nimeitafutia yeye. Romana, nisikilize. Mimi nikipasuliwa nikapona, nitarudi kubeba matofali. Nikipasuliwa nisipone, tumepoteza vyote. Lakini yule akisoma, mimi ndiye nitakuwa nimesoma. Umenielewa?"

"Sijakuelewa. Mimi sikuolewa na chuo. Niliolewa na wewe."

Nilisikia kuni zikipasuka, kisha kilio cha Romana, kile cha kujiziba kanga mdomoni. Mimi nilikaa na nguo magotini, na nikajua kwamba kati ya watu watatu wa nyumba ile, mwenye uwezo wa kuamua ni mmoja tu, kwa sababu kwenye kitabu cha benki liliandikwa jina langu.

Kesho yake nilikwenda nikazitoa zote. Nilimwambia Romana. Alinifunga kilemba vizuri kama mama anayemtuma mtoto dukani, akanisindikiza mpaka barabarani. Kassian tulimwambia kwamba baba mdogo amekopa kwa jamaa zake wa Lusewa. Alikubali. Alikuwa amechoka na maumivu, na labda alitaka kukubali. Tulimpeleka. Walimpasua asubuhi. Daktari alipotoka alikuwa bado amevaa kofia yake ya kitambaa, na alizungumza na sisi akiwa amesimama, jambo lililonifanya nijue kabla hajafungua kinywa. Alisema wamefungua, wakaona ugonjwa umeenea, wakafunga. Tumpeleke nyumbani akishapata nguvu kidogo. Tumpe anachotaka kula.

Nani aliyemwambia kuhusu fedha, sijui. Wodini watu huzungumza, na baba mdogo Gaudens hakuwa mtu wa kuficha kitu usoni. Nilikwenda na uji siku ya tatu au ya nne, nikamkuta ameegemea mito, macho yamemtoka kwa kukonda. "Shikamoo kaka," nikasema. Hakuitikia. Nilidhani hakusikia, nikarudia. Akamgeukia Romana.

"Muulize wifi yako, ile fedha ya benki iko wapi."

Romana alinitazama. Nikajibu mwenyewe. "Nimelipa hapa, kaka. Nimekulipia wewe."

Kassian akageuza uso upande wa ukuta, polepole, kwa sababu ya mshono. Uji ulipoa mikononi mwangu.

Tulimrudisha Lizaboni, akaishi wiki kadhaa, na katika wiki hizo zote hakunisemesha moja kwa moja hata mara moja. Hakunitukana, hakunifukuza. Alikunywa maji niliyompa na alinyoosha mkono nimsaidie kukaa, na mwili wake ulikuwa mwepesi kama wa mtoto. Lakini neno lolote lililonihusu alilipitisha kwa mkewe. "Mwambie wifi yako afunge dirisha." "Mwambie wifi yako chumvi imezidi." Nilikuwa nimesimama pale pale, naye Romana, maskini, aligeuka na kuniambia nilichokwisha kukisikia, machozi yakimlenga. Siku moja nilipiga magoti kando ya mkeka. "Kaka, nipige basi," nilimwambia. "Nitukane. Ila nisemeshe." Alinitazama wakati huo, ndiyo mara pekee aliponitazama kwa muda. Midomo yake ilicheza. Kisha akasema, "Romana, mwambie aandike barua chuoni. Aombe waniwekee nafasi yake mpaka mwaka mwingine." Alisema waniwekee, kana kwamba nafasi ile ni yake. Sijui kama aliteleza ulimi. Nimeligeuza neno hilo miaka yote hii na bado linaniuma mahali tofauti kila ninapoligusa.

Alifariki alfajiri moja ya mwezi wa nane, Romana amemshika kichwa na mimi nimeshika miguu. Alimwita Romana. Alimwita mama yetu, aliyekwisha kufa zamani. Mimi sikuitwa.

Watu walikuja msibani kwa wingi kuliko tulivyofikiri. Walikuja mafundi wenzake na nguo zao za kazi, walikuja wenye maduka aliowajengea, jumuiya ya kanisani, wazazi wa watoto wangu wa tuisheni, wanawake wa togwa. Kila mtu alitoa alichonacho, huyu kopo la sado lenye mahindi, yule noti iliyokunjwa ndogo mpaka imefanana na kidonge. Siku ya kuanua matanga, wazee walipokwisha kugawa nguo za marehemu, baba mdogo Gaudens alisimama. Yeye ambaye tumbaku yake haikuwahi kulipwa, alikuwa amevaa koti la marehemu lililompwaya mabegani.

"Ndugu zangu," alisema, "rambirambi imebaki, baada ya gharama zote. Kwa desturi ni ya mjane. Lakini mjane ana neno."

Romana alikaa chini na wanawake, miguu ameinyoosha, kichwa amefunga kaniki. Hakusimama. Alisema kwa sauti iliyokauka, "Mume wangu alikuwa anajenga kitu, hakukimaliza. Mpeni wifi aende chuo."

Kuna mzee alinung'unika kwamba mjane atakula nini. Romana akamjibu kwa heshima, "Shikamoo baba. Nitakula togwa." Watu wengine walicheka na wengine wakaangua kilio upya, na mimi nilitoka nje nikaenda kusimama nyuma ya nyumba, pale pale alipolilia Kassian siku ya barua. Sikutaka fedha ile. Nilimwambia Romana kabla usiku haujaingia kwamba siwezi kwenda kusoma kwa fedha ya kifo cha kaka yangu. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho. "Wewe ulikwisha kuamua mara moja, na sikukuzuia," alisema. "Sasa ni zamu yangu."

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimeshakuwa mtu wa ofisi na mshahara, nikimjengea Romana jiko jipya, aliniambia kitu. Alisema katika zile wiki, kila nilipotoka kwenda sokoni, Kassian alikuwa ananiulizia. Amekula yule? Analala? Mbona amekonda? Na mara moja alisema, "Ingekuwa ni mimi, na yeye ndiye mgonjwa, ningefanya vile vile." Nilimuuliza kwa nini hakuniambia wakati ule. Akasema Kassian alimkataza. Nilimtazama usoni nikitafuta kama ananidanganya kwa huruma, maana Romana alikuwa na uwezo huo, wa kukupa uongo mzuri na kuubeba mwenyewe mpaka mwisho. Sikuona kitu. Niliahirisha kumuuliza tena, mwaka hadi mwaka, nikiogopa jibu. Sasa amelala kando ya mumewe, na hakuna tena wa kuuliza. Mimi ninachokijua ni hiki: ningekuwa msichana yule leo, na kitabu kile cha benki mkononi, ningezitoa zote. Na angenigeuzia ukuta tena, na ningezitoa.

Mwaka ule ule wa msiba wa kaka niliondoka. Chuo kilikuwa hakijajibu barua yangu ya kuahirisha, na mzee mmoja wa mafundi alisema nisingoje jibu, niende nikaseme mwenyewe kwamba nimekuja. Nililala njiani, nikafika Dar na vumbi, nikasimama kwenye mstari wa kujisajili na vijana waliovaa vizuri kuliko mimi. Karani alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani, amechoka. Aliniuliza jina na mkoa. Akaniuliza wazazi, nikasema hawapo. Akashusha miwani.

"Sasa anayekusomesha ni nani, mwanangu?"

"Kaka yangu."

"Anafanya kazi gani?"

"Ni fundi uashi."

"Yuko wapi? Nikihitaji kumwandikia."

Nyuma yangu mstari ulikuwa mrefu na watu walianza kusukumana. Nilishika ukingo wa meza yake kwa mikono miwili.

"Yuko Songea," nikasema. "Yuko Songea, mama. Hajahama."